Chuo Kisicho na Mwalimu: Necronomicon katika Mchezo wa Call of Cthulhu

Kitabu kinachomdhuru msomaji wake ni taswira kongwe katika fasihi za mataifa mengi, na aghalabu wahakiki wameitazama kama pambo tu la hadithi za kutisha. Mwaka 1981, shirika la Chaosium la California lilipotoa mchezo uitwao Call of Cthulhu, uliobuniwa na Sandy Petersen, taswira hiyo ilipata kitu ambacho haikuwa nacho hapo awali, nacho ni kanuni. Madhara ya kusoma yalipimwa kwa tarakimu, yakapangwa katika majedwali, na msomaji akajulishwa mapema kiasi cha akili atakachopoteza kwa kila kitabu atakachokifungua. Makala haya yanakusudia kukichunguza kimoja kati ya vitabu hivyo, Necronomicon, na kuuliza ni nadharia gani ya usomaji iliyofichwa ndani ya kanuni zake. Kwa wanaofundisha lugha iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa hati za Kirumi, swali hilo si la mzaha, hata kama kinachochunguzwa ni mchezo.

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe ulivyo, kwa kuwa hauna ubao kama bao wala vipande kama dhumna. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa amejibunia mhusika wake: daktari, mwandishi wa magazeti, profesa, askari mstaafu. Mmoja wao hana mhusika wake maalumu. Yeye ndiye msimulizi, na ndiye anayewaambia wenzake wanachokiona na kuwauliza watafanya nini. Pale ambapo matokeo yana shaka, dadu hurushwa. Aina hii ya mchezo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Kifani, iko karibu zaidi na utambaji wa ngano kuliko riwaya: hadithi haipo mpaka isemwe, na fanani na hadhira yake huibuni kwa pamoja. Tofauti ni kwamba hapa hadhira yaweza kumkatiza fanani, kumwelekeza kwingine, na hata kuiharibu hadithi aliyoitayarisha.

Katika Call of Cthulhu wahusika huitwa wachunguzi, na kila mchunguzi hupewa alama za utimamu wa akili zisizozidi 99. Akiona maiti ya kutisha hupungukiwa kidogo. Akikutana na dude la kale hupungukiwa sana. Alama hizi zaweza kurudi: kwa mapumziko, kwa matibabu, kwa kuwashinda maadui. Lakini pembeni yake ipo hesabu ya pili, ambayo ni ujuzi wa siri za miungu hao wa kale, na ujuzi huo hupatikana zaidi kwa kusoma vitabu. Kanuni inasema kwamba utimamu wa mchunguzi hauwezi kamwe kuzidi 99 ukitoa kiasi cha ujuzi wake. Aliye na ujuzi wa 30 hatavuka 69 hata akitibiwa na matabibu wote wa duniani. Maana ya kanuni hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Hofu, kwa mujibu wa Petersen, ni jeraha, na jeraha hupona. Elimu haiponi. Mchunguzi aliyesoma hawezi kurudi kuwa asiyesoma, na dari ya akili yake imeshushwa daima. Zipo riwaya nyingi zilizojaribu kusema jambo hili kwa kurasa mia tatu zisilifikie, na hapa limesemwa kwa hesabu ya kutoa.

Kitabu chenyewe hakikubuniwa na Petersen. Kilibuniwa na H. P. Lovecraft (1890–1937) wa Providence, Rhode Island, ambaye alikitaja kwa mara ya kwanza katika hadithi fupi aliyoiandika mwaka 1922 na kuchapishwa katika jarida la Weird Tales mwaka 1924. Mwaka 1927 alikiandikia tarikh fupi, ambayo ilichapishwa baada ya kifo chake. Humo anadai kwamba kitabu kiliandikwa Dameski zama za Banu Umayya na mshairi mmoja wa Sanaa, Yemen, aitwaye Abdul Alhazred, aliyerukwa na akili na kufa mwaka 738 kwa kuliwa mchana kweupe na dude lisiloonekana. Mwaka 950 kikatafsiriwa kwa Kigiriki, na mwaka 1228 kwa Kilatini na mtu aitwaye Olaus Wormius. Kisha Papa Gregory wa IX akakipiga marufuku mwaka 1232. Asili ya Kiarabu ikapotea. Zikabaki nakala chache zilizofungiwa, kama ile ya British Museum na ile ya chuo kikuu cha kubuni cha Miskatonic.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba Lovecraft hakuandika kitabu. Aliandika silsila ya kitabu. Katika maandishi yake yote, vifungu vilivyodaiwa kunukuliwa kutoka Necronomicon ni vichache mno. Nguvu za kitabu zinatokana na nani alikinakili, nani alikifasiri, nani alikichoma moto, na nakala ipi ina upungufu upi. Ni kazi ya mtu aliyeelewa jinsi wanazuoni wa miswada wanavyofikiri. Mfano bora uko katika hadithi ya "The Dunwich Horror", iliyochapishwa mwaka 1929. Mwovu wa hadithi hiyo, Wilbur Whateley, anakuja Miskatonic akiwa na nakala mbovu ya tafsiri ya Kiingereza, akitaka kuilinganisha na ya Kilatini kwa sababu ukurasa wa 751 umepungua katika yake. Mtunza maktaba anamkatalia. Mtu huyu, ukimvua maumbile yake ya ajabu, anafanya kazi inayofanywa kila siku na wahariri wa tenzi.

Waliojaribu kuliziba pengo hili walishindwa. Mwaka 1973 ilitolewa Marekani Al Azif yenye kurasa tele za mwandiko wa kubuni usiosomeka, ambayo ni mzaha uliofanikiwa kwa kuwa haukusema neno. Mwaka 1977 ikatolewa New York nyingine, iliyopewa jina la Simon, yenye maneno kamili na maelekezo ya matambiko. Hiyo ya pili husomwa na kuwekwa kando. Kitabu kilichotisha kwa kutosomwa hakiwezi kuendelea kutisha kikishauzwa kwa bei ya riwaya ya safarini.

Kuhusu Kiarabu cha Lovecraft, hukumu haina budi kuwa kali zaidi. Jina "Abdul Alhazred" lina kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa chuoni huko Lamu au Mombasa angeiona. Katika majina kama Abdulrahman na Abdulkarim, ile "-ul" tayari imebeba kitambulishi, na kinachofuata ni sifa ya Mwenyezi Mungu. Kuongeza "al" nyingine ni kukirudia kitambulishi mara mbili, na "hazred" si sifa ya Mungu wala si neno la Kiarabu. Sikio la Mswahili huenda likasikia humo mwangwi wa "hadhari", lakini mwangwi huo ni wa bahati tu. Lovecraft alijipachika jina hili akiwa na umri wa miaka mitano hivi, alipokuwa akisoma Alfu Lela Ulela, na mtoto wa miaka mitano hadaiwi sarufi. Mtu mzima aliyeliacha vivyo hivyo kwa maisha yake yote anadaiwa. Hali kadhalika, Olaus Wormius si mtu wa kubuni: ni Ole Worm, mwanazuoni wa Denmark aliyeishi 1588 hadi 1654, na Lovecraft amemtangulizia karne nne.

Kwa upande mwingine, Azif, jina analolitoa kama la asili, ni neno sahihi, nalo alilipata katika maelezo ya Samuel Henley kwenye riwaya ya Vathek ya mwaka 1786. Kwa Waarabu, azif ni sauti ya majini isikikayo jangwani usiku. Kwa hiyo jina la asili la kitabu halitaji kitabu, linataja sauti. Jina la Kigiriki ndilo linaloleta wafu na sheria, na hata hilo Lovecraft alilifasiri vibaya, kwani alidhani silabi za mwisho zina maana ya "taswira" ilhali ni kiambishi cha kawaida cha vivumishi. Kutoka sauti hadi sheria ya wafu: kitabu kilipoteza uhai wake katika tafsiri ya kwanza kabisa. Haielekei kwamba Lovecraft alilikusudia hilo. Lakini limo.

Waliounda mchezo walilifahamu kwa namna yao. Katika majedwali ya Call of Cthulhu, Necronomicon si kitabu kimoja. Kila tafsiri ina daraja yake: asili ya Kiarabu humpa msomaji ujuzi mwingi kuliko zote, inafuata ya Kigiriki, kisha ya Kilatini, na ya chini katika mfululizo huu ni ya Kiingereza inayodaiwa kufanywa na John Dee. Si rahisi kupata mahali pengine ambapo hasara ya kutafsiri imepimwa kwa tarakimu. Nadharia iliyomo ni ya kizamani, kwamba maana hukaa katika lugha ya kwanza na kila mfasiri humwaga kidogo njiani kama mchota maji mwenye mtungi wenye ufa. Mfasiri yeyote aliyewahi kuona beti zikipata maana mpya katika lugha ya pili atalipinga wazo hili. Hata hivyo kanuni ina matokeo yasiyotarajiwa. Kwa kuwa ujuzi mwingi ni utimamu mchache, tafsiri dhaifu inamhifadhi msomaji: Dee, kwa kutojua vyema, ameokoa akili za wasomaji wake. Na mchunguzi anayetaka kukisoma kitabu hulazimika kuijua lugha yake, ujuzi ambao nao huandikwa kwa asilimia katika karatasi ya mhusika. Ni nadra kwa mchezo wa burudani kumfanya mchezaji ajute kwamba mhusika wake hakujifunza Kigiriki.

Tofauti kubwa ya kimaadili hujitokeza mchezo huu unapolinganishwa na ule uliotangulia. Katika kitabu cha kanuni cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1979 kimo Book of Vile Darkness, ambacho humpandisha daraja kuhani mwovu akisomaye na kumdhuru aliye mwema. Kitabu hicho kinamjua msomaji wake, kinapima nia. Necronomicon haipimi kitu. Mcha Mungu na mchawi wote hupunguziwa kwa jedwali moja.

Kwa mtazamo wa pwani ya Afrika ya Mashariki, kile cha mwaka 1979 kinafahamika zaidi. Mtu akiibiwa na kukata tamaa ya kumpata mwizi, huenda akataka asomewe Halbadiri, yaani yatajwe majina ya waliopigana vita vya Badri mwaka 624, ili mkosaji afichuke au aadhibiwe. Wapo masheikh wanaoikataza desturi hii, na hoja zao ni nzito. Lakini wanaoiamini huiamini pamoja na sharti lake: anayesomesha bila haki, kisomo humrudia mwenyewe. Kitisho chake kimo katika haki ya anayekitumia, na maneno yenyewe ni majina ya watu watukufu. Ndiyo sababu tishio la kusoma Halbadiri hutosha mara nyingi kuirudisha mali kabla ya kisomo kuanza.

Lakini kuna imani ya pili ya pwani, nayo ndiyo inayoiangazia Necronomicon vizuri zaidi. Vitabu vya falaki na vya siri za herufi, kama Shams al-Maarif kinachonasibishwa kwa Ahmad al-Buni wa karne ya 13, vina sifa katika ulimwengu wa Kiislamu kwamba humtia wazimu anayevisoma. Ukiuliza zaidi, utaambiwa: anayevisoma bila ijaza. Mwanafunzi aliyepewa idhini na mwalimu, ambaye naye alipewa na wake, husoma kitabu kile kile asidhurike. Kinachomrusha mtu akili ni kusoma peke yake.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya mpangilio huu. Katika lugha ya kale ya tenzi, neno "chuo" lina maana ya kitabu: Utendi wa Tambuka, ambao una nakala ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Baadaye "chuo" likawa mahali pa kusomea, na watoto wakaenda chuoni. Kitabu na mahali pa kufundishwa vilishirikiana jina kwa sababu havikuwa mbali. Mtu hakuwa na chuo bila kuwa na aliyemsomesha.

Ukizirudia hadithi za Lovecraft baada ya kulitafakari hili, jambo moja linashtua: hakuna mwalimu ndani yake. Msomaji wa Necronomicon daima yu pekee, usiku, katika chumba cha maktaba au cha babu aliyekufa. Silsila ndefu aliyoitunga mwandishi ni ya nakala na wafasiri, na hakuna hata mmoja aliyemkabidhi mwenzake elimu akiwa hai mbele yake. Tafsiri ya Kigiriki inakuja zaidi ya miaka mia mbili baada ya mtunzi kufa. Petersen ameihifadhi hali hii kikamilifu. Kanuni zake zinahesabu majuma ya kusoma, lugha na utimamu utakaopotea, lakini hazina safu ya aliyemfundisha mchunguzi. Kwa hiyo kauli ya mchezo kwamba elimu hutia wazimu ina finyo ambalo wenyewe haulitambui: ni elimu ya msomaji mpweke wa maktaba za Ulaya na Marekani. Mchezo umeichukua hali ya jamii moja ukaifanya sheria ya ulimwengu.

Wala si jambo dogo kwamba lugha ya kitisho hicho ni Kiarabu. Lovecraft alikuwa na chuki za rangi zilizo wazi katika barua zake na katika baadhi ya hadithi zake, na "Mwarabu mwendawazimu" si sifa iliyomponyoka. Hati isiyosomeka na mtazamaji hugeuka haraka kuwa hati yenye njama. Historia ya eneo hili ina mfano wake. Mwaka 1908, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa, barua iliyosemekana kutoka Makka ilisambaa katika pwani ya kusini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, hasa upande wa Lindi. Iliwahimiza watu watubu na washike ibada kwa kuwa Kiyama ki karibu. Watawala waliona humo mwito wa uasi, wakaanza upelelezi, na walimu wa dini wakawa washukiwa. Karatasi iliyowausia watu kusali ikasomwa kama silaha. Aliyeicheza Call of Cthulhu ataitambua mara moja nafasi ya maofisa wale: ni wachunguzi, wamepata waraka, na lugha yake hawaijui.

Mchezo wenyewe ulifika Kenya mwaka 1984, kwa njia ya Masks of Nyarlathotep, mfululizo wa visa ulioandikwa na Larry DiTillio akishirikiana na Lynn Willis. Visa vyake vimewekwa mwaka 1925, na sura moja inawaleta wachunguzi Nairobi kufuatilia msafara wa Wamarekani uliodaiwa kuangamizwa mwaka 1919. Wengi wa Waafrika wa sura hiyo ni wafuasi wa madhehebu ya Ulimi wa Damu, na hapo waandishi wanairudia Afrika ile ile ya riwaya za wawindaji. Kuhani wao wa kike anaitwa M'Weru, jina ambalo lingeweza kuandikwa Mweru bila haja ya ritifaa. Alama hiyo inafanya kazi ile ile iliyofanywa na "al" ya ziada ya Alhazred, yaani kumwonyesha msomaji ugeni badala ya lugha.

Lakini sura hiyo ina ukurasa mmoja wa aina nyingine. Wachunguzi wakibahatika kukutana na kijana Johnstone Kenyatta, huongozwa hadi kwa mganga mkongwe aitwaye Bundari. Mzee huyo hana kitabu. Hukaa kimya kwa muda mrefu, na msaidizi wake Okomu ndiye anayewasemesha wageni na kuwataka wangoje. Atakachowapa hatimaye hakifasiriki kwa Kilatini: ni usinga, na kinyonga ndani ya tundu, pamoja na maneno ya jinsi ya kuvitumia. Waliosafiri kutoka New York hadi London na Cairo wakifungua vitabu kila mmoja peke yake wanaketi hapa chini, wote pamoja, wakifundishwa. Msimulizi asiye makini hukipita kisa hiki kwa dakika kumi ili awahi mlimani, kunakofanyika matambiko.